Shajara ya mradi: kuwafundisha madereva wa lori magari ya barafuni

Mahali: kituo cha pwani kwenye Bahari ya Ross, Antaktika, karibu latitudo ya nyuzi 78 kusini. Muda: wiki 8 kuanzia Oktoba. Wanafunzi: madereva 4, wote wazoefu wa malori na tingatinga, ila hakuna aliyewahi kuendesha juu ya theluji. Mashine: pikipiki 2 za theluji, gari la mikanda la Hägglunds BV206 moja, PistenBully 100 moja (mashine ya mikanda ya kusawazisha theluji), na trekta moja la Challenger pamoja na sleji zake za kuburuta mizigo. Tunaandika kila mwisho wa wiki ili watakaofundisha msimu ujao wasianzie sifuri.

Wiki ya 1: kuwasha na kuegesha

Hakuna aliyeendesha wiki hii, na tumepanga hivyo makusudi. Dereva mzuri wa lori hujifunza kukata kona barafuni kwa siku chache. Kinachomshinda ni asubuhi: gari limelala nje kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, naye anataka kupiga stata kama alivyozoea.

Tulianza na betri. Betri ya asidi iliyojaa chaji haigandi mpaka joto lishuke karibu nyuzi 60 chini ya sifuri. Ikiisha chaji, asidi yake hubaki hafifu na kuganda kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, kisha hutanuka na kupasua kasha. Kwa hiyo anayeng'ang'ania stata hadi betri iishiwe nguvu huwa ameiua usiku huohuo. Kanuni tuliyoweka: stata isizidi sekunde 15, pumzika dakika 2, jaribu mara 3 tu. Ikikataa, rudi kwenye hita.

Maji ya rejeta nayo yana mtego. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa glaikoli na maji huvumilia hadi nyuzi 37 chini ya sifuri. Sehemu 6 za glaikoli kwa 4 za maji hufika kama nyuzi 50. Mtu akiona hivyo hudhani glaikoli tupu itafika mbali zaidi, kumbe glaikoli tupu huganda kwenye nyuzi 13 tu chini ya sifuri. Kuongeza kwa kukisia ni marufuku. Kipimo kimefungwa kwa kamba kwenye mlango wa gereji, na kila anayejaza anapima kwanza.

Mafuta yanayotumika hapa ni AN8, jamii ya mafuta ya ndege yasiyoganda mpaka nyuzi 58 chini ya sifuri. Dizeli ya kawaida ingetoa nta na kuziba chujio mapema sana. Lakini AN8 ni nyepesi, hailainishi pampu kama dizeli, na nguvu ya injini hupungua kidogo. Hatari yake kubwa iko mikononi. Mafuta yaliyolala nje usiku kucha yana baridi ileile ya hewa na bado ni maji, hivyo yakimwagikia ngozi huigandisha papo hapo. Anayejaza huvaa glavu za mpira juu ya glavu za joto, hata kama anahamisha lita 5 tu. Umeme tuli nao ni tatizo, kwa kuwa hewa ni kavu na barafu haipitishi umeme kwenda ardhini. Waya wa kuunganisha pipa na gari hufungwa kabla ya kifuniko kufunguliwa, na hutolewa mwisho kabisa. Chini ya tangi huwekwa trei, na theluji iliyodondokewa na mafuta huchotwa na kutiwa kwenye pipa la taka. Itifaki ya Madrid ya 1991 ya kulinda mazingira ya Antaktika, iliyoanza kutumika 1998, haiachi nafasi ya kufukia doa la mafuta na kuondoka.

Jambo la mwisho la wiki, nalo ndilo tulilolirudia zaidi, ni theluji ndani ya injini. Upepo husaga theluji hadi ikawa unga unaopenya kila tundu. Baada ya dhoruba boneti hufunguliwa, theluji hufagiliwa kwa brashi laini, na feni husukumwa kwa mkono kuhakikisha inazunguka. Ukiwasha bila kufanya hivyo, unga ule huyeyuka juu ya injini ya moto, hutiririka hadi kwenye stata na mikanda ya feni, kisha huganda ukizima. Asubuhi inayofuata stata inavunjika meno.

Wiki ya 2: pikipiki ya theluji

Tumepita haraka hapa, kwani ni rahisi kuiendesha na vigumu kuiheshimu. Kabla ya kuwasha, ski za mbele za kutelezea hupigwa teke kwa upande ziachie barafu, na sehemu ya nyuma huinuliwa ili mkanda unaosukuma pikipiki uzunguke huru. Ukiongeza mafuta mkanda huo ukiwa umegandia chini, mkanda wa gia, ambao baridi imeufanya mkavu kama biskuti, hukatika. Mkanda wa gia wa akiba unakaa ndani ya koti, mahali penye joto la mwili.

Jingine lililowashangaza wanafunzi: mashine hii inahitaji theluji laini. Mkanda huteleza juu ya reli za plastiki, na theluji inayorushwa ndiyo inayozilainisha na kuzipooza. Kwenye barafu tupu ya bluu reli huyeyuka na injini hupata joto kupita kiasi, hata kama hewa ni ya baridi kali. Kwenye kipande cha barafu tupu, punguza mwendo na tafuta vijilima vya theluji kando ya njia.

Wiki ya 3 na ya 4: Hägglunds BV206

Hili ndilo gari la kazi na ndilo lililokula muda wetu mwingi. Lilibuniwa Sweden kwa ajili ya jeshi: mabehewa mawili, mikanda minne ya mpira yote ikiendeshwa na injini moja iliyo mbele, na kiungo katikati chenye silinda mbili za haidroliki. Uzito wake ni kama tani 4 na nusu, lakini kwa kuwa umetandazwa juu ya mikanda mipana, gari linapita mahali ambapo mtu anayetembea kwa miguu anazama hadi magotini.

Mazoea ya lori yanagongana na kiungo hicho cha katikati. Dereva wa tela hupanua kona ili tela lisikanyage ukingo. Hapa behewa la nyuma linafuata alama zilezile za mbele, hivyo anayepanua kona anajitoa njiani bure. Kurudi nyuma ndiko kugumu zaidi kwa mzoefu. Tela la kawaida hulirudisha kwa kukata usukani upande wa pili. BV206 hushikiliwa na silinda zake, haliwezi kujikunja lenyewe, na ukikata kushoto mkia unakwenda kushoto, kama gari dogo. Madereva wote 4 walikosea jambo hili siku ya kwanza, na aliyekuwa na uzoefu mrefu wa matela ndiye aliyechelewa kuliko wote kulizoea. Dawa iliyofanya kazi: mapipa matupu 6 kwenye mstari, mita 15 kati ya pipa na pipa, kurudi nyuma katikati yake kwa mwendo wa kutembea. Raundi 20 kwa kila mtu, bila kuzungumza, na mwongozaji anasimama upande wa dereva anakoonekana. Mwongozaji akitoweka kwenye kioo, gari linasimama.

Makosa mengine tuliyoyaandika kwenye ubao. Kukata usukani gari likiwa limesimama: silinda zina nguvu ya kutosha kuyageuza mabehewa, lakini mikanda huchimba na kiungo hubeba mzigo wote. Sogea kwanza, ndipo ukate. Kubadilisha gia nzito na nyepesi gari likitembea: usijaribu hata mara moja, simama kabisa. Kusahau kwamba usukani ni wa haidroliki: injini ikizimika kwenye mteremko, usukani unakuwa mzito kama umefungwa, hivyo mteremko hushukwa kwa gia nzito tangu juu.

Joto la injini nalo linadanganya. Geji ikionyesha injini imepata moto, oili ya difu na ya vifaa vya mikanda bado ni nzito kama asali. Baada ya dakika 10 za kuunguruma, mita 200 za kwanza huendeshwa polepole sana, bila kona kali. Hapo ndipo masikio yanapofaa: mlio wa kukwaruza unaopungua kadiri unavyokwenda ni oili inayolainika, usiopungua ni bereingi au mkanda unaogusa mahali.

Siku ya nne ya wiki ya 4 mkanda wa nyuma kushoto ulitoka. Chanzo kilipatikana haraka. Gari lilikuwa likirudi nyuma huku likikata kona kwenye mteremko wa ubavuni, na theluji iliyoshindiliwa ilikuwa imejaa kwenye meno ya gurudumu la kuendesha, ikauinua mkanda juu ya meno. Kuurudisha kulichukua saa mbili na nusu: kulegeza gurudumu la kukaza, kuchokonoa barafu yote kwa mtaimbo, kuuongoza mkanda kwa mtaimbo huku dereva akisogeza gari sentimita chache kwa wakati, kisha kukaza tena na kupima. Vidole haviingii kati ya mkanda na gurudumu hata injini ikiwa imezimwa. Tangu siku hiyo, kila kituo cha mapumziko kinaanza kwa kuzunguka gari na kugonga theluji itoke kwenye mikanda.

Kuegesha: nenda mbele na nyuma mara mbili kumwaga theluji, nyoosha mabehewa yawe kwenye mstari mmoja, kisha panda juu ya mbao. Mpira wenye joto huyeyusha theluji kidogo, na maji hayo huganda. Asubuhi gari lisiloegeshwa juu ya mbao linang'oka na vipande vya mpira.

Wiki ya 5: barafu ya bahari

Mwezi huu barafu ya bahari karibu na pwani ina unene wa karibu mita 2, inabeba mashine zetu zote bila taabu. Hatari iko kwenye nyufa. Ufa hufunguka kwa mawimbi na upepo, huganda tena, hufunguka tena pembeni, na theluji hufunika yote. Ishara ya kwanza hata haihitaji kifaa: sili wa Weddell, wanyama wa baharini, waliolala kwa mstari. Sili hutoboa matundu ya kupumulia kwenye nyufa, kwa hiyo walipo wengi kwa mstari, chini yao upo ufa ulio hai.

Utaratibu wa kupima tulioufundisha: simamisha gari mbali, dereva abaki ndani. Mtu mmoja na koleo anafukua theluji hadi ukingo wa ufa uonekane pande zote mbili. Kisha keekee ya barafu, yenye vipande vya mita moja vinavyounganishwa, inatoboa tundu la kwanza kwenye barafu nzuri na kusonga kuelekea ufa kila sentimita 30, hadi upande wa pili. Keekee ikidondoka ghafla na maji yakapanda, futi yenye ndoana huteremshwa, ndoana hushika upande wa chini wa barafu, na unene husomwa. Vumbi linalotoka pia lina habari: jeupe na kavu ni barafu baridi yenye nguvu, kijivu na la majimaji ni barafu iliyochoka.

Upana wa ufa unaohesabika si ule unaoonekana kwa macho. Ni ile sehemu yote yenye unene chini ya sentimita 76. Ufa unaoonekana wa sentimita 10 unaweza kuwa na upana halisi wa mita nzima kwa sababu kingo zake zimeliwa kwa chini. Kanuni ya kuvuka: upana halisi usizidi theluthi moja ya urefu wa mkanda unaogusa chini. Mkanda ukigusa sentimita 180, mwisho ni sentimita 60. Unavuka kwa pembe mraba, kwa mwendo mmoja, bila kusimama juu ya ufa na bila kubadilisha gia. Madereva waliopenda kukisia walibadilika walipotoboa wenyewe. Mmoja alikadiria sentimita 40, vipimo vikatoa 95, na timu ikazunguka.

Kabla ya kuingia kwenye barafu ya bahari, mlango wa darini wa BV206 unafunguliwa na kufungwa kuhakikisha haujaganda, na kila abiria anaufungua mara moja kwa mkono wake. Gari hili lilibuniwa kuelea, lakini mipira ya kuzibia milango iliyozeeka na matundu yaliyoongezwa kwa ajili ya nyaya huondoa uhakika huo. Tunafundisha kana kwamba halielei. Magari hayaegeshwi karibu karibu wala kwa saa nyingi mahali pamoja, kwa kuwa barafu hupinda taratibu chini ya mzigo uliotulia.

Wiki ya 6: PistenBully

Injini haiendeshi mikanda moja kwa moja. Inazungusha pampu za haidroliki, na kila mkanda una mota yake. Ukitoa mguu kwenye mafuta mashine inajizuia yenyewe. Mwanafunzi aliyezoea lori kuserereka alitupwa mbele mara ya kwanza. Kona hupatikana kwa mkanda mmoja kukimbia kuliko mwingine, na mashine inaweza kujizungusha papo hapo mkanda mmoja ukienda mbele na mwingine nyuma. Uwezo huo hutumika kwa uchache, kwani huchimba shimo la duara na kupinda fito za alumini zinazoshika theluji.

Oili ya haidroliki ikiwa baridi, pampu hunyonya kuliko inavyoweza kuletewa na hupiga mlio wa kulia. Mlio huo ukisikika, shusha mzunguko wa injini na subiri. Anayekanyaga mafuta ili "ipate moto haraka" anapasua mipira ya kuzibia oili.

Kusawazisha barabara ya theluji kumetupa siku mbili ngumu. Matokeo ya kwanza yalikuwa mawimbi yaliyofanana na barabara ya vumbi iliyochoka. Chanzo: mwendo mkubwa, na mkono usiotulia kwenye blade, yaani bamba la mbele la kusukumia theluji. Mashine ikipanda tuta dogo, blade inapanda nayo, ikishuka blade inachimba, na tuta la pili linazaliwa kubwa kuliko la kwanza. Tiba ni kupanga blade, kuiacha, kwenda polepole na kutazama mbali badala ya kutazama blade. Barabara iliyomalizika hufungwa usiku mzima. Punje za theluji iliyosumbuliwa hushikana zenyewe kwa saa kadhaa hadi ikawa ngumu, na gari likipita mapema linaharibu kazi yote.

Wiki ya 7: Challenger na sleji

Trekta la aina hii ndilo linalovuta misafara ya mafuta kutoka McMurdo, kituo cha Marekani kwenye Bahari ya Ross, hadi kituo cha Amundsen-Scott kwenye Ncha ya Kusini, karibu kilomita 1,600, kwa njia iliyofunguliwa kati ya 2002 na 2005. Mafuta hubebwa kwenye mifuko mikubwa ya karibu lita 11,000 kila mmoja, iliyolazwa juu ya mabamba ya plastiki yanayoburutwa. Njia inapanda Leverett Glacier na kituo kiko mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, hivyo injini hukosa hewa na nguvu hupungua pale inapohitajika. Mbele ya msafara, penye mipasuko, PistenBully hutangulia na rada ya kuona chini ya theluji iliyofungwa kwenye mlingoti mrefu. Inafaa kukumbuka kwamba Edmund Hillary wa New Zealand alifika Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958 na trekta ndogo za Ferguson za shambani zilizovishwa mikanda. Ukilitazama trekta la leo, subira ya watu wale inastaajabisha.

Somo zima la wiki ni kuanza na kusimama. Sleji ikitembea hupata joto la msuguano, ikisimama huganda papo hapo. Kwa hiyo baada ya kusimama subiri dakika chache sehemu ya chini ya sleji ipoe, kisha vuta nusu mita, ndipo uzime. Kuanza: legeza kamba kwa kurudi nyuma kidogo, sleji ziamke moja baada ya nyingine, mafuta polepole. Mkanda ukizunguka sekunde 3 bila trekta kusogea, toa mguu. Sekunde ya nne inachimba shimo na trekta linakalia tumbo. Kunasua kunaanza kwa koleo, kisha kupunguza mzigo, na kamba ya kuvutwa huja mwisho. Wakati wa kuvuta hakuna anayesimama ndani ya urefu wa kamba mara moja na nusu, kwa sababu chuma baridi hakinyooki kabla ya kukatika.

Wiki ya 8: weupe mtupu na tathmini

Siku mbili za mawingu zilitosha kufundisha mwanga usio na kivuli. Tuta la sentimita 50 halionekani mpaka gari ligonge. Njia huwekwa alama za bendera juu ya mianzi: nyekundu na kijani ni njia, nyeusi ni hatari. Kanuni: usiondoke kwenye bendera moja kabla hujaiona inayofuata. Isipoonekana, simama, toa taarifa kwa redio, kaa ndani. Ukikaa muda mrefu, ekzosi hufukuliwa kila robo saa na dirisha huachwa wazi kidogo, vinginevyo moshi hurudi ndani. McMurdo hufunga safari zote upepo unapozidi kilomita 100 kwa saa, au mtu asipoona mita 30. Mradi wetu umesimamisha mapema zaidi, kwenye mita 400, na hakuna aliyelalamika.

Tathmini: madereva 3 wamekamilisha aina zote 4 za mashine. Wa nne amebakiza kurudisha sleji nyuma kwa Challenger, atarudia Jumanne. Mkanda wa nyuma kushoto wa BV206 una mpasuko wa sentimita 4 ukingoni tangu ulipotoka. Umewekewa alama kwa rangi na utapimwa kila asubuhi. Ukifika sentimita 8, unabadilishwa. Keekee mbili zinahitaji visu vipya. Barafu ya bahari imeanza kutoa vumbi la kijivu kwenye matundu ya kusini, hivyo mafunzo ya nyufa kwa kundi lijalo yahamishwe yawe wiki ya 2.